Mwenyewe Iko?

Kama unamutafuta Mama Byukusenge hapa Kirolirwe, usiulize nyumba ya mushonaji, juu washonaji wako wengi na karibu wote wanakuharibia nguo. Uliza mama wa kuvreli, zile za kutandika ku kitanda. Muntu yeyote atakuonyesha ile nyumba ya mabati chini ya miti ya eukaliptus, mashini iko mbele ya mulango, na ku kamba kunaning'inia mayo za wachezaji wa mupira, suruali za tergali, mapazia, jupe, zile sketi za wanafunzi, zote polisteri. Pamba anaikataa. Anasemaka pamba inakunywa ukungu wa Masisi toka asubui mpaka mangaribi, na mwenye kulala chini yake anaamuka amelowana sawa mutoto muchanga. Polisteri inakauka ungali unaiangalia.

Mimi ni jirani yake. Wananiita Mama Shema, na wanasema niko na mudomo. Waseme. Mwenye kukaa karibu na ile mashini anaona mambo, na mimi nikiona sinyamaze.

Siku ya soko anashuka Kibabi, kule wanafungua baloti za chaguwa, zile nguo za mitumba, na anaokota zile nguo wengine wameacha chini. Anachomoa uzi moja, anauwasha na kiberiti. Ukiungua na kuwa jivu, nguo anairudisha. Ukiyeyuka na kufanya kashanga kadogo keusi, anatia nguo mu mufuko. Wauzaji wanamugombeza kwamba iko siku atawachomea soko yote, yeye anacheka tu. Ku nyumba anachora na kipande ya sabuni, anakata, anapanga vipande mu meza mpaka rangi zipatane. Katikati anatia mipira mizee ya baridi, ile ya kuvaa, ao bulangeti yenye imetoboka, kisha anashona na mashini na kumalizia na shindano kubwa ya mukono. Pasi ya makala haiguse kitambaa yake hata siku moja, anatangulizaka kipande chenye maji, juu polisteri ikikutana na moto inashikamana na pasi na kazi imekufa pale pale.

Lakini iko na kuvreli ya namna ingine. Vita ilituzoeza kuzika watu mbali, ao kutowazika kabisa. Muntu anakufia kule, hapa wanabaki na shati yake na suruali. Basi jamaa wanamuletea zile nguo, anazifanya kuvreli moja, na siku ya kumaliza kilio wanaitandika na kila muntu anaigusa. Ili isichanganyike na zile za soko, anakata kwanza vifungo vyote, anavifunika mu kipande ya kola ya shati, na kuvifunga fundo ku pembe ya kuvreli. Mwenye kufa hajifungie tena shati, njo maneno yake. Mulima wote unajua ile alama. Ukishika pembe na kusikia vitu vigumu vinalia ndani, unatoa kofia.

Kabla ya kukata anaulizaka swali moja tu: mwenyewe iko? Ukisema iko, anakata huku munacheka. Ukisema haiko, anaacha kucheka, anakupa pole, na makasi inatafuta vifungo kwanza. Ningependa kusema kwamba nilimuonya kuhusu ile swali. Sikumuonya, hata mimi niliiona iko sawa.

Mimi mwenyewe wakati ule sikuwa nimemupelekea kitu. Niko na shati ya Papa Shema, bwana yangu, mu sanduku, tergali ya bluu, na Mama Byukusenge anaijua vizuri juu ni yeye aliishona. Hakuniuliza, na mimi sikusema. Tuendelee.

Pale juu yetu anaishi Béata, bibi ya Plamedi. Plamedi ni mutu wa Walikale, mutoto wa watu wa pori, walimaji na wawindaji. Alikuja huku kuendesha moto, ile pikipiki ya kubeba watu, akamuona Béata, na mambo ikaishia kanisani. Béata alipokuwa na mimba kubwa, habari ilifika kwamba Papa Édouard, baba ya Plamedi, ni mugonjwa sana. Kijana akaondoka, akamuahidi bibi yake kwamba atarudi mbele mutoto azaliwe. Alipopita tu, njia ikafungwa nyuma yake. Masasi ikaanza upande ule, reso ya telefoni ikakatika, na mutoto akazaliwa, binti, bila baba yake kuonekana. Kila mwenye kutoka kule, Béata alimusimamisha na kumuuliza. Moja akasema alimuona, mwingine akasema hapana, yule ni mwingine wa kufanana naye. Aliishi hivyo, siku moja anacheka, siku moja hakule.

Mama yake, Mukankusi, akapanda kutoka Kibabi kuja kumusaidia. Alikuta mutoto analala na baridi ya huku, ambayo haina huruma, na mu kabati akaona kostume ya ndoa ya Plamedi, tergali nzito ya kijivu, na mashati mbili zinaning'inia bure. Akawaza: bukwe wangu, bwana ya binti yangu, akirudi atanunua ingine, mujukuu wangu apate joto leo. Akafunga nguo mu kitenge na kuzileta kwa Mama Byukusenge. Mimi nilikuwa pale nachambua maharagi.

Mama Byukusenge akapapasa ile kostume, akaiona ni nguo ya heshima. Akauliza:

"Mwenyewe iko?"

Mukankusi akatazama upande wa Walikale, akashusha pumzi.

"Haiko, mama."

"Pole sana."

"Aksanti. Tumeanza kuizoea. Mutoto njo ananiuma roho, hata hajamuona baba yake."

Sasa nyinyi angalieni. Wale wa pwani wako na maneno yao ya kutenganisha mambo haya. Sisi tuko na moja, na inatutosha. Bwana yako amekaa mu nyumba, iko. Bwana yako iko muzima, iko. Amekwenda kunywa kasiksi, haiko. Amelala mu udongo, haiko. Siku zote tunasikilizana, isipokuwa ile siku.

Na Mukankusi akaongeza maneno yenye ilitumaliza kabisa. Alitushika mikono, mimi na Mama Byukusenge, akatuomba Béata asijue kwanza. Siku nitamupa hii kuvreli, alisema, njo atajua. Yeye alikuwa anaficha zawadi. Sisi tukasikia kifo. Kwetu mwenye kunyonyesha hawamuambie kifo haraka, wanangoja damu yake itulie, kisha wanatafuta njia ya polepole. Tukaona huyu mama ni mwenye akili, amechagua kitambaa kiseme kwa nafasi yake. Sikumuuliza bukwe yake alikufa namna gani, juu mwenye kilio hauulizwe, anangojewa. Mimi, mwenye mudomo, nilinyamaza ile juma yote, na ilinitesa sawa jino.

Mama Byukusenge alifanya ile kazi kwa uangalifu kuliko zote. Alikata vifungo vya kostume, vile vikubwa vyeusi, na vya mashati vidogo vyeupe, akavifunga na kola ya shati ya ndoa ku pembe. Katikati akapanga kijivu na nyeupe kwa zamu. Nilimuona anapangusa macho na bega huku muguu unasukuma mashini.

Siku ya kuipeleka niliwafuata wale wamama wawili, nimevaa kitenge cheusi chini ya mupira wa baridi, nikijua nitahitajiwa kumushika Béata. Mukankusi alitangulia na uso wa kucheka. Niliwaza: Mungu wangu, huyu mama iko na nguvu gani.

Béata alikuwa amekaa ku kitanda, mutoto ku ziwa. Mama yake akamutandikia kuvreli ku magoti. Kwanza Béata alicheka, juu alitambua kijivu ya ndoa yake, akaipapasa polepole kutoka katikati kwenda pembeni. Kisha vidole vikafika ku pembe, na nikaona vinasimama. Vifungo vililia. Mukankusi ni wa Kibabi, ile alama haijue. Béata amekaa huku miaka, ameigusa ku vilio vya watu.

"Mama," akasema na sauti ya chini kabisa, "ulijua tangu lini?"

"Tangu juma iliyopita," mama yake akajibu, na furaha yote mu uso. "Nilitaka nikushitue."

Béata akamutoa mutoto ku ziwa, akanipa mimi, kisha akapiga kelele yenye nilisikia mu mifupa.

Unajua mulima unavyokuwa. Kilio haitumiwe mualiko. Watu wakaacha mashamba, wachungaji wakaacha ngombe, mikeka ikatandikwa mbele ya nyumba, moto ukawashwa. Mutu moja mwenye telefoni alikuwa amekwisha kupanda kule juu wanapatia reso na kutuma habari upande wa Walikale, kwa mutu atakayeweza kuipeleka mbele. Na katikati ya ile yote Mukankusi alizunguka akiuliza: nani amekufa? Watu wakamuangalia kwa huruma, wakasema uchungu umemuchanganya.

Nafikiri alirudilia ile swali mara nyingi ndipo mimi nikashtuka. Nikamukokota mpaka kwa Mama Byukusenge, nikawasimamisha uso kwa uso.

"Si wewe uliniambia mwenyewe haiko?" Mama Byukusenge akasema.

"Ndiyo, haiko. Iko Walikale."

Mama Byukusenge akatafuta ukuta na mukono. Mimi nilikaa chini, pale pale mu matope, na kitenge yangu cheusi.

Mutadhani ilikwisha na kicheko. Sisi pia tulidhani hivyo. Tulikimbia kumuambia Béata, tukamueleza neno kwa neno, na yeye akatuangalia mumoja mumoja. Akasema tunamudanganya juu ya maziwa. Tumeona kifo imemuangusha, sasa tunataka kuirudisha mu mufuko. Na kweli maziwa yalikuwa yamekatika. Mutoto alivuta ziwa, akakosa, akalia mpaka sauti ikamuisha. Tulimupa maziwa ya ngombe na kijiko, tone kwa tone, na nusu ilitoka.

Tena, tusidanganyane, tungemuambia nini? Hakuna mwenye alijua kama Plamedi iko muzima. Mbele ya ile siku alikuwa na tumaini lenye shida, lakini lilikuwa lake. Sisi tulilikanyaga, na hatukuwa na lingine la kumupa.

Watu wakaanza kuongea. Walisema Mama Byukusenge amemufunga mutu muzima, na kwa watu wa pori, baba zake Plamedi, kitu ya namna ile haina muchezo: mwenye kuliliwa akiwa muzima hana njia ya kurudi mpaka mwenye kumufunga amufungue. Wengine wakakuja kuchukua nguo zao mbele azikate. Wamama wenye aliwafunikia watoto siku za ukimbizi, wakapita upande ule mwingine wa njia. Niliwatukana kwa majina. Kisha nikaingia kwake nikamutukana yeye pia, juu nilikuwa na hasira na sikuwa na mahali pa kuitua, halafu nikamuletea bugali.

Asubui yake Mama Byukusenge alikwenda kwa Béata na makasi. Akapiga magoti mbele ya kitanda, akaomba afungue lile fundo. Béata alikuwa amelikunja mu ngumi. Kuvreli hakumufunikia mutoto, ilikaa chini ya muto wake wa kulalia, na ile pembe tu njo alishika, usiku na mchana.

"Ulifunga bila kujua," akasema. "Utafungua pia bila kujua?"

Mama Byukusenge alirudi nyumbani, akafunika mashini na gunia. Tangu hapo kila asubui alipanda kule juu kwa reso, mu ukungu, na telefoni yake kifuani. Alipiga namba ya Plamedi, ile sauti ya mwanamuke mu telefoni ikamujibu kwamba namba haipatikane, akapiga tena. Upande wa mangaribi tulisikia silaha nzito, siku zingine karibu, siku zingine mbali. Ikinyamaza tuliogopa zaidi. Alikonda mpaka pete ikamutoka kidoleni. Mimi niliona mambo mawili: ao Plamedi anarudi, ao huyu mama hatashona tena maisha yake yote, na Béata hatamusamehe hata akifa.

Siku moja, jua imetoka kidogo, nilikuwa najaza maji wakati niliona muzee anapanda njia peke yake. Muzee murefu, mwembamba, fimbo mukononi, kichwa kimenyolewa sawa mwenye kufiwa. Sikuwa nimemuona hata siku moja, lakini ile pua ilikuwa ya Plamedi. Nikaacha bido ya maji, nikapiga mbio.

Papa Édouard alisimama mbele ya parseli, kile kiwanja cha Béata, hakuingia. Béata akatoka ku mulango na mutoto mugongoni. Akamuona bukwe wake, akaona kichwa kimenyolewa, akaona hakuna mutu nyuma yake. Hakulia. Alishika mulango tu. Mukankusi akaanza kumuuliza muzee, vipi, mutoto iko wapi, na muzee akainua mukono, akamunyamazisha. Jina la mutoto yake hakulitaja. Akasema neno moja tu, na sauti ya mutu mwenye ametembea mbali:

"Nani alifunga mutoto wangu?"

Mama Byukusenge alikuwa amefika, mimi njo nilimuvuta. Akasogea mbele.

"Ni mimi, Papa."

"Fungua."

Akageuka kumuangalia Béata. Sisi wote tulimuangalia Béata. Niliona vile anawaza, juu hata mimi niliwaza vile: pengine kwao maiti inafunguliwa mbele izikwe. Pengine muzee amekuja kumaliza. Akisema hapana, atabaki na ngumi yake na fundo yake, na hakuna mwenye atamulazimisha. Muzee hakumuharakisha. Alisimama na fimbo yake, macho chini.

Béata akaingia ndani. Alikawia. Alipotoka alikuwa na kuvreli yote mukononi, akaiweka mu mikono ya Mama Byukusenge, na pembe akaiachilia ya mwisho.

Makasi hakukumbuka kuleta. Lile fundo alikuwa amelikaza vizuri, sawa kazi yake yote, na uzi wa polisteri haukatikake bure. Kucha zilikataa. Akapiga magoti, akatia pembe mu kinywa, akavuta na meno. Kisha kola ikafunguka na vifungo vikamuangukia mu mapaja, vikubwa vyeusi na vidogo vyeupe, kimoja kikaviringika mpaka ku muguu wa muzee. Papa Édouard akainama, akakiokota, akakiangalia. Akatia vidole viwili mu kinywa na kupiga mluzi, ule wa wawindaji wanaoitana mu pori.

Kule chini, nyuma ya miti ya eukaliptus, mluzi mwingine ukajibu.

Plamedi alipanda polepole, anachechemea kidogo, na suruali yenye si yake. Habari ya kifo chake ilimukuta njiani kurudi, ku barriere moja, pale wanasimamishaka wapita njia, mutu akamupa pole juu ya marehemu mwenye kuitwa sawa yeye. Akarudi nyuma kumuuliza baba yake afanye nini, na muzee, ugonjwa ukiwa haujamutoka vizuri, akanyoa kichwa na kutembea naye ile njia yote ili amuingize sawasawa, afunguliwe mbele aonekane. Njo maana alikawia. Njo maana alikuwa amejificha mu miti na kungoja, karibu na nyumba yake mwenyewe, wakati bibi yake alikuwa anakufa mbele ya mulango.

Béata alimupiga. Alimupiga kifuani na mikono yote miwili, mpaka mutoto mugongoni akaamuka na kulia. Kisha akateremusha mutoto na kumusukumia mukononi. Niliona kablauzi ya Béata imelowana mbele, maziwa yalikuwa yanatoka peke yake. Na mimi nililia, wacha niseme, nililia sawa mujinga.

Papa Édouard alitaka nguo zifumuliwe, zishonwe upya, mutoto yake avae. Mama Byukusenge akakubali mbele muzee amalize, angeshona hata usiku. Lakini polisteri tundu ya shindano haifungike, inabaki mpaka mwisho. Plamedi akaiangalia kostume yake, vipande vipande, akamufunikia nayo binti yake. Akasema vifungo tu njo anaomba arudishiwe. Mama Byukusenge akaviokota chini kimoja kimoja, akavipangusa na kitenge, akamupa.

Siku hizi mashini inalia tena toka asubui, na wale wenye walichukua nguo zao wamezirudisha, bila kuniangalia usoni. Swali limebadilika. Sasa anaulizaka: mwenyewe anapumua? Wageni wanacheka, wanasema mama, hiyo ni swali ya namna gani. Yeye hacheke, anangoja jibu.

Juma iliyopita nilifungua sanduku. Nilichukua ile shati ya bluu, nikavuka nayo njia, nikaiweka juu ya meza yake bila salamu. Aliitambua. Aliacha muguu ku pedali, akaniangalia.

"Mama Shema," akasema, "anapumua?"

Nilitafuta maneno, mimi mwenye mudomo. Papa Shema aliondoka kuuza maziwa na hakurudi, na hakuna mutu amewahi kunionyesha kaburi.

"Sijue," nikasema.

Aliishika ile shati, akapitisha kidole ku kila kifungo kutoka juu mpaka chini. Kimoja kilikuwa kinalegea. Akatia uzi mu shindano, akakikaza, akakata uzi na meno. Akakunja shati, akanirudishia.